Nakala za Kioo Zilizounganishwa na Asili katika Asembli za CAD: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu wa CAD, yaani usanifu kwa kompyuta, unajibu maswali ambayo wachoraji wa mashine, wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa karakana huyarudia kila wanapotaka sehemu ya kushoto itokane na ya kulia, kisha zote mbili zibadilike pamoja. Mfano unaotumika mara nyingi hapa ni kishikizo cha madigadi ya tela: bati la chuma la milimita 4 lililokunjwa nyuzi 90, ubavu mmoja ukiwa na matundu mawili ya bolti za M10, ubavu wa pili ukiwa na tundu refu la kurekebishia, na pembe moja ikiwa imekatwa ili waya wa taa upite. Majina ya amri yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

## Misingi

1. Nakala ya kioo iliyounganishwa na asili ni nini hasa?

Ni sehemu ambayo umbo lake lote linatokana na sehemu nyingine kwa kuakisiwa kwenye bapa fulani (uso tambarare wa kufikirika unaofanya kazi ya kioo), na ambayo faili lake linaendelea kukumbuka lilikotoka. Ukifungua mti wa hatua (orodha ya hatua zilizounda sehemu) wa kishikizo cha kushoto huoni mchoro wa awali, mkunjo wala tundu. Unaona hatua moja tu, nayo inaagiza kuchukua umbo la kishikizo cha kulia na kuliakisi. Ukipanua tundu la kulia kutoka milimita 11 hadi 13, la kushoto nalo linapanuka mara faili linapokokotolewa upya.

Uhusiano huu ni wa upande mmoja. Asili inaamuru na nakala inafuata. Hakuna badiliko lolote litakalofanywa kwenye nakala likarudi kwenye asili. Matatizo mengi yanayofuata hapa chini yanatokana na mtu kusahau jambo hili.

2. Kwa nini programu isiiweke tu sehemu ileile mara ya pili, ikiwa imegeuzwa?

Kwa sababu asembli, yaani faili linalokusanya sehemu pamoja, huhifadhi mambo mawili tu kuhusu mahali pa kila sehemu: imesogezwa wapi na imezungushwa vipi. Kuakisi si kuzungusha. Uakisi kwenye bapa la YZ hubadilisha kila x kuwa −x na kuacha y na z kama zilivyo. Ditaminanti ya matriksi yake ni −1, ilhali ya mzunguko wowote ni +1, na mizunguko mingi kiasi gani ikifuatana bado hutoa +1. Kiatu cha mguu wa kulia hakiwi cha kushoto hata ukikizungusha vipi.

Ndiyo maana programu nyingi hukudai faili jipya au lahaja mpya (toleo jingine la sehemu) ndani ya faili lilelile. Si usumbufu wa bure: huko karakanani nako kishikizo cha kushoto ni kitu kingine, kinachokunjwa peke yake, kinachohesabiwa peke yake na kinachoweza kukosekana peke yake stoo.

3. Nitajuaje kama ninahitaji nakala ya kioo kweli?

Hili ndilo swali la kwanza kujiuliza, na kwa bahati mbaya ndilo linaloulizwa mwisho. Kanuni ni fupi: kama sehemu ina bapa la ulinganifu hata moja, popote lilipo, nakala yake ya kioo ni sehemu ileile iliyozungushwa, na kutengeneza faili la pili ni kujiongezea nambari isiyo na kazi. Kipande cha pembe kilichokatwa sawasawa ncha zote mbili, chenye matundu katikati, hakina kushoto wala kulia. Kishikizo chetu kinacho, kwa sababu pembe iliyokatwa iko kwenye ncha moja tu ya mkunjo.

Ulinganifu wa kuzunguka haukusaidii hapa. Panga la feni lenye mbawa tatu linajirudia kila nyuzi 120, lakini kwa kuwa mbawa zake zimelala upande mmoja halina bapa la ulinganifu, na nakala yake ya kioo husukuma hewa kinyume likizungushwa upande uleule.

Bati tambarare lenye unene mmoja na matundu yaliyonyooka lina bapa la ulinganifu daima, nalo ni lile linalopita katikati ya unene wake. Hata kama matundu yamekaa ovyo, ukilipindua bati unapata la upande wa pili. Hesabu hiyo inabadilika mara tu nyuso mbili zinapotofautiana: tundu lililotanuliwa mdomo ili kichwa cha skrubu kizame, rangi ya upande mmoja, filamu ya kulinda, nakshi za kuzuia utelezi. Chunguza hayo kabla ya kuamua, kwa sababu rangi na filamu mara nyingi hazimo kwenye modeli na programu haiwezi kukukumbusha.

Ukibaki na shaka, tengeneza nakala, iweke juu ya asili ndani ya asembli ya majaribio, kisha izungushe. Ukipata mkao ambao ujazo wa mwingiliano wa sehemu hizo mbili ni sawa na ujazo wa sehemu nzima, faili la pili halihitajiki.

4. Je, ni sawa na amri ya kioo iliyo ndani ya sehemu moja?

Hapana. Amri hiyo huakisi tundu au ubavu ili sehemu moja iwe na pande mbili zinazolingana, na matokeo yake yanabaki kitu kimoja chenye nambari moja. Ukurasa huu unahusu sehemu mbili.

## Kuunda nakala

5. Nianzie ndani ya faili la sehemu au ndani ya asembli?

Njia zote mbili huzaa umbo lilelile. Tofauti ni nani anaamua mahali. Ukianzia kwenye sehemu, unapata faili lililounganishwa kwa umbo pekee, kisha unaliweka kwenye asembli kwa masharti yako mwenyewe ya mkao (kanuni zinazoifunga sehemu mahali pake). Ukianzia kwenye asembli, programu hutengeneza faili na kuliweka mahali pake ng'ambo ya pili ya bapa kwa amri moja, na katika programu kadhaa mahali hapo panaendelea kuifuata asili.

Kwa sehemu itakayotumika kwenye tela za aina nyingi, ni bora kuanzia kwenye sehemu: faili linakuwa huru, halitegemei asembli yoyote. Kwa seti ya sehemu kumi au ishirini za ubavu mmoja wa mashine moja, kuanzia kwenye asembli kunaokoa muda mwingi.

6. Katika SolidWorks inafanyikaje?

Fungua sehemu asili, chagua bapa au uso ulio tambarare, kisha uende Insert na uchague Mirror Part. Faili jipya hufunguka, na upande wa kushoto wa skrini unaulizwa ni nini kihamishwe: miili, mihimili, mabapa, alama za thredi, michoro ya awali, maelezo ya faili, taarifa za bati la kukunjwa na kadhalika. Soma orodha hiyo kwa makini badala ya kubonyeza tiki haraka. Kama kishikizo kimeundwa kwa amri za bati, usipohamisha taarifa za bati nakala itakuwa donge tu, na hutaweza kulikunjua (tazama swali la 19). Chini kabisa kuna chaguo la kuvunja uhusiano na asili. Liache bila tiki.

Katika asembli, amri ni Mirror Components. Kwa kila sehemu unaamua kama inatumika ileile ikiwa imezungushwa, au inatengenezewa toleo la mkono wa pili. Ukichagua la mkono wa pili, unaulizwa kama toleo liwe lahaja mpya ndani ya faili lilelile au faili jipya. Lahaja hupunguza idadi ya mafaili, lakini mafaili mawili hurahisisha nambari, michoro na ruhusa za kuhariri. Kwa kazi inayokwenda karakanani mimi hupendekeza mafaili mawili.

7. Na katika Inventor?

Anzisha faili jipya la sehemu, tumia amri ya Derive, chagua faili asili, kisha uweke tiki ya kuakisi na uchague bapa la XY, XZ au YZ. Kwa kuwa uchaguzi ni wa mabapa hayo matatu ya asili ya faili, sehemu iliyochorwa mbali na kitovu bado huakisika vizuri, ila huangukia mbali vilevile upande wa pili.

Katika asembli, amri ya Mirror huonyesha orodha ya sehemu zikiwa na alama za rangi zinazotenganisha sehemu itakayoakisiwa na kupata faili jipya, itakayotumika tena ileile, na itakayoachwa nje. Bolti na nati zilizotoka kwenye maktaba ya Content Center huwekwa zenyewe kwenye kundi la kutumika tena, jambo ambalo ni sahihi (tazama swali la 16).

8. Ninatumia FreeCAD. Je, uhusiano unawezekana?

Unawezekana, na bila malipo. Ndani ya faili moja, amri ya kuakisi ya meza ya kazi ya Part hutengeneza kitu kipya kinachokitegemea kile cha awali. Ukibadilisha mwili asili na kukokotoa upya, nakala hubadilika. Usiichanganye na hatua ya Mirrored ya meza ya PartDesign, ambayo huakisi hatua ndani ya mwili mmoja (tazama swali la 4).

Asili ikiwa kwenye faili lingine, ilete kwanza kwa kutumia SubShapeBinder, kisha uakisi kilicholetwa. Toleo la 1.0, lililotolewa Novemba 2024, lilikuja na meza ya asembli ndani yake, pamoja na marekebisho makubwa ya tatizo la majina ya nyuso linaloelezwa katika swali la 15.

9. Programu nyingine zinasemaje?

Wazo ni lilelile, na kinachobadilika ni maneno. NX, katika mchakato wake wa kuakisi asembli, hukuruhusu kuamua kwa kila sehemu kama itumike tena na kuhamishwa, iakisiwe ikiwa na uhusiano, au iakisiwe bila uhusiano. CATIA V5, katika amri ya Symmetry, hutenganisha waziwazi kuakisi na kuzungusha, na ina tiki mbili: moja ya kudumisha uhusiano wa mahali, nyingine ya kudumisha uhusiano wa umbo. Creo nayo hutofautisha utegemezi wa umbo na utegemezi wa mahali. Utenganisho huo wa umbo na mahali ni mzuri kuuweka akilini hata katika programu isiyouonyesha.

10. Nichague bapa lipi?

Kwa umbo lenyewe, bapa lolote linafaa. Nakala mbili zilizoakisiwa kwenye mabapa tofauti hutofautiana kwa kuzungushwa na kusogezwa tu. Ni sehemu moja. Kwa hiyo ndani ya faili la sehemu chagua bapa linalopita kwenye kitovu, kwa sababu nakala itakaa karibu na kitovu chake.

Ndani ya asembli uchaguzi una uzito zaidi, kwa kuwa bapa ndilo linaloamua nakala itakaa wapi. Tumia bapa la katikati ya tela, lililopangwa tangu mwanzo wa kazi, na usitumie uso wa chuma cha fremu. Uso huo utahama siku chuma kitakapobadilishwa kutoka upana wa milimita 80 hadi 100, na vishikizo vya upande wa pili vitahama nao.

11. Nakala niipe jina na nambari gani?

Ipe nambari yake kamili. Kanuni rahisi ni shina moja lenye mkia, kwa mfano 2040-01 kwa asili na 2040-02 kwa nakala, ili mtu wa stoo aone kwamba ni jozi. Katika michoro ya ndege ni desturi ya muda mrefu mkia wa nambari witiri na ule wa nambari shufwa kutenganisha mikono miwili ya sehemu.

Amueni pia kulia na kushoto zinatazamwa kutoka wapi, kisha mwandike kwenye mchoro. Kwa chombo cha barabarani, tazama kama aliyeketi akielekea mbele. Epuka majina kama «upande wa dereva»: tela inayotoka Dar es Salaam au Mombasa huvuka hadi Rwanda, Burundi na Congo, ambako magari hupita kulia na dereva huketi kushoto, na jina hilo hugeuka maana likiwa njiani.

## Kuutunza uhusiano

12. Nimebadilisha asili, lakini nakala haijabadilika. Kwa nini?

Anza na sababu nyepesi: asili haijahifadhiwa, au asembli haijakokotolewa upya. Ikiwa bado, angalia alama iliyo mbele ya jina kwenye mti wa hatua. Katika SolidWorks mshale peke yake unaonyesha kwamba kuna tegemeo la nje. Mshale wenye alama ya kuuliza unaonyesha kwamba kilichotegemewa hakijafunguliwa au hakipatikani. Wenye nyota unaonyesha uhusiano umefungwa kwa muda. Wenye x unaonyesha umevunjwa.

Kama alama ni nzuri na bado hakuna badiliko, hakikisha nakala inaitegemea lahaja unayoihariri. Asili yenye lahaja ya bati la milimita 4 na ya milimita 6 inaweza kuwa inabadilishwa upande mmoja huku nakala ikitazama upande mwingine.

13. Kuna tofauti gani kati ya kufunga, kusimamisha na kuvunja uhusiano?

Kufunga na kusimamisha ni vya muda. Umbo linaganda lilivyo, na unaweza kuliachilia tena baadaye; hilo linafaa pale asili inapofanyiwa majaribio ilhali kundi la kwanza la vishikizo tayari liko kwenye mashine ya kukata. Kuvunja ni kwa kudumu. Katika Inventor, uhusiano uliovunjwa na sehemu mama haurejeshwi. Itabidi utengeneze nakala upya na kufunga tena masharti yote ya mkao.

Sababu halali ya kuvunja ni moja: pande mbili zimekuwa sehemu tofauti kabisa na hazitarudi kuwa jozi. Kuvunja ili tu kuondoa tundu moja upande wa kushoto si sababu. Swali la 14 linaonyesha njia nyingine.

14. Nifanyeje nikitaka kitu kiwe upande mmoja tu?

Kuongeza ni rahisi. Ukitaka tundu la waya wa taa upande wa kushoto pekee, lichore ndani ya faili la nakala, baada ya hatua ya kioo. Hatua hiyo ni ya nakala peke yake, na uhusiano na asili unabaki mzima.

Kuondoa ndiko kunakowashinda wengi. Asili ina tundu ambalo nakala haipaswi kuwa nalo, na watu huliziba kwa kuchora kipande cha duara kinachojaza nafasi. Kinafanya kazi hadi siku tundu litakaposogezwa: kipande kinabaki hewani kikiwa kimening'inia, au kinajaza nusu ya tundu, na hitilafu hiyo ndogo ni rahisi kuipita kwa macho.

Njia imara ni mafaili matatu. La kwanza ni mama: lina kila kitu ambacho pande zote mbili zinashirikiana, na halikatwi karakanani wala haliingii kwenye orodha ya vifaa. La pili ni la kulia, linalotokana na mama bila kuakisiwa, likiwa na nyongeza zake. La tatu ni la kushoto, linalotokana na mama kwa kuakisiwa, likiwa na nyongeza zake. Kwa mpango huu hakuna upande unaohitaji kufuta cha mwenzake. Kwa kishikizo chetu mama ana bati, mkunjo, matundu ya bolti na tundu refu. Tundu la kebo ya breki huongezwa kulia na tundu la waya wa taa huongezwa kushoto. Nawasihi mnaoanza mradi mpya mfikirie mpango huu mapema, kwa sababu kuuingiza katikati ya kazi hulazimu kubadilisha mafaili ambayo asembli tayari inayategemea.

15. Baada ya kuhariri asili, masharti ya mkao ya nakala yamevunjika. Yalikuwa mazima jana.

Programu hutambua kila uso na kila ukingo kwa jina la ndani linalotokana na hatua iliyouzaa. Ukifuta hatua moja katika asili na kuichora upya, uso unaoonekana uleule kwa macho una jina jipya. Nakala huupokea kama uso mpya, na sharti lililoushikilia ule wa zamani halina cha kushika.

Tiba ya kudumu ni kufunga masharti kwenye mabapa na mihimili badala ya nyuso na kingo, na kuhakikisha mabapa hayo yamehamishwa kwenda kwenye nakala (swali la 6). Unapohariri asili, rekebisha mchoro wa awali uliopo badala ya kuufuta na kuanza upya.

## Yanayohusu karakana

16. Bolti, nati na beringi nazo ziakisiwe?

Hapana. Zitumie zilezile, zizungushwe tu. Ukiziakisi, orodha ya vifaa itakuonyesha bolti 8 za M10 na bolti nyingine 8 za M10 za «mkono wa pili», na mnunuzi atatafuta dukani bolti zisizokuwepo.

Hali ni hiyohiyo kwa chochote kinachonunuliwa kikiwa kizima: mota, giaboksi, bawaba, kitasa. Mota yenye sanduku la nyaya upande wa kulia haipatikani kwa kioo ila kwa kuagiza aina yenye sanduku upande wa kushoto, kama mtengenezaji anayo. Kama hana, ni muundo unaopaswa kubadilika, na ni vyema kulijua hilo kabla fremu haijachomelewa.

17. Thredi, springi na gia zinakuwaje zikiakisiwa?

Kila kitu chenye msokoto hugeuza mkono wake. Thredi ya kulia iliyochongwa kikamilifu kwenye modeli huwa ya kushoto, na springi hujisokota kinyume. Kama thredi imeonyeshwa kwa alama tu, umbo halionyeshi chochote, na unabaki na maelezo ambayo huenda yakawa sahihi au yasiwe. Kwa hiyo matundu yenye thredi yakaguliwe moja moja katika nakala, hata kama ni kwa dakika chache.

Zipo nyakati ambazo geuzo hilo ndilo linalotakiwa. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina thredi ya kushoto, ili isijifungue kwa kukanyagwa. Gia mbili zenye meno ya mshazari kwenye shafti sambamba lazima ziwe na mikono tofauti ndipo zishikane. Hapo nakala ya kioo ni mwanzo mzuri, mradi mkono uandikwe waziwazi kwenye mchoro.

18. Nambari niliyoichonga kwenye sehemu inasomeka kinyume. Nifanyeje?

Maandishi yasiwe kwenye asili. Yaweke kama hatua ya mwisho ndani ya kila faili la kukatwa, baada ya hatua ya kioo, jambo linalokupa pia nafasi ya kuandika nambari sahihi ya kila upande. Mpango wa mafaili matatu katika swali la 14 unalifanya hili lije lenyewe.

19. Kwa bati la kukunjwa, faili moja la kukatia linatosha pande zote mbili?

Mara nyingi linatosha. Bati la kishikizo cha kulia likikunjuliwa ni tambarare, na kama swali la 3 lilivyoeleza, bati tambarare likipinduliwa huwa la upande wa pili. Anayekata anaweza kukata vipande vyote kwa DXF moja (faili la mchoro tambarare linalosomwa na mashine ya kukata), kisha mkunjaji akakunja nusu yake kuelekea juu na nusu kuelekea chini.

Tatizo ni kwamba kwa njia hiyo nusu ya vipande huwa na uso wa nyuma ukitazama nje. Bati likiwa na filamu, rangi au nakshi upande mmoja, hilo halikubaliki. Hata kwa bati tupu, ukataji wa leza huacha vinundu vya chuma kwenye kingo za upande wa chini, na vinundu hivyo vikikaa upande wa waya vinaweza kuukwaruza. Kwa kazi ya namna hiyo toa DXF mbili, kila moja kutoka kwenye faili lake, na uandike uso upi ubaki juu.

20. Je, mchoro mmoja wa karakana unatosha, wenye maelezo kwamba kushoto ni kinyume cha ulioonyeshwa?

Desturi hiyo ni ya tangu enzi za kuchora kwa mkono, wakati mchoro wa pili ulikuwa siku nzima ya kazi, na inaeleweka ikiandikwa hivi: 2040-01 kama ilivyoonyeshwa, 2040-02 kinyume chake. Sasa mchoro wa pili hugharimu muda mfupi, nami naona karakana inastahili kuupata. Fundi anayekunja kwa kuugeuza mchoro kichwani atakosea siku moja, na kosa litaonekana madigadi ikishafika kwenye tela.

Fahamu tu kwamba vipimo havitajileta vyenyewe kwenye mchoro wa nakala kama ulihamisha mwili peke yake, kwa kuwa hakuna michoro ya awali ndani yake. Utaviweka mwenyewe, au uchague kuvihamisha mwanzoni pale programu inaporuhusu.

21. Uzito na mizani ya nakala inaaminika?

Ujazo ni uleule. Uzito nao ni uleule ikiwa aina ya chuma imewekwa kwenye nakala. Thibitisha hilo, kwa sababu aina ya malighafi haihamishwi na kila programu wala kwa kila chaguo, na kishikizo kisicho na malighafi kitahesabiwa kwa uzito wa msongamano wa kawaida wa programu. Kitovu cha uzito huhamia upande wa pili wa bapa. Kwa wanaofanya hesabu za mzunguko, momenti za inesha kwenye mihimili hazibadiliki, lakini kwa uakisi wa bapa la YZ zile za mchanganyiko, Ixy na Ixz, hubadilisha alama.

## Hali za pembeni

22. Nimeakisi asembli ndogo nzima, kisha nikaongeza sehemu kwenye ya asili. Mbona haikuongezeka upande wa pili?

Kwa sababu uhusiano wa umbo upo kati ya sehemu na sehemu, na orodha ya wanachama wa asembli ni jambo jingine. Katika programu nyingi mwanachama mpya huingizwa kwa kuhariri amri ya kioo na kumchagua. Fanyeni hivyo mara tu sehemu inapoongezwa, na mlinganishe orodha za vifaa za pande mbili kabla ya kutoa michoro: idadi zikitofautiana bila sababu iliyoandikwa, kuna sehemu imesahauliwa.

23. Ninatumaje kazi kwa mwenzangu bila uhusiano kukatika?

Tuma nakala pamoja na asili, pamoja na mama kama yupo. Tumia amri ya kufungasha iliyomo kwenye programu, kama Pack and Go, ambayo hukusanya mafaili yote yanayotegemewa. Kunakili faili mojamoja kwenye flashi ndicho chanzo kikuu cha alama za kuuliza za swali la 12. Vilevile usibadilishe jina la asili kupitia dirisha la folda la kompyuta. Libadilishe ndani ya programu, mafaili yanayolitegemea yakiwa yamefunguliwa.

24. Mteja amenipa faili la STEP tu (umbizo la kubadilishana maumbo kati ya programu). Naweza kupata nakala iliyounganishwa?

Ndiyo. Ingiza STEP, ihifadhi kama sehemu ya programu yako, kisha uiakisi kama nyingine yoyote. Uhusiano utakuwa kati ya mafaili yako mawili, si kwa faili la mteja. Akituma toleo jipya, badilisha umbo ndani ya faili lilelile la asili badala ya kuanzisha jingine, kisha ukague masharti ya mkao, kwa kuwa nyuso zote zitakuwa na majina mapya.

25. Asili yangu yenyewe imechorwa kwa kutegemea fremu ndani ya asembli. Kuna hatari?

Ipo. Kama kishikizo cha kulia kinachukua urefu wake kutoka kwenye fremu, na cha kushoto kinatokana na cha kulia, mnyororo una pingu mbili na bado ni salama. Hatari inaanza pale mtu anapochora kitu kwenye fremu kwa kutegemea kishikizo cha kushoto, kwa mfano tundu la bolti linalofuata tundu lake. Sasa fremu inategemea kushoto, kushoto inategemea kulia, na kulia inategemea fremu. Programu itatoa onyo la mzunguko, au modeli itabadilika kidogo kila unapokokotoa upya bila kutulia.

Kata mnyororo mahali pamoja: weka vipimo vinavyoshirikiwa kwenye mchoro wa mpangilio au jedwali la vigezo lililo juu ya asembli yote, kisha fremu na kishikizo cha kulia vyote visome kutoka hapo. Kishikizo cha kushoto kiendelee kutegemea cha kulia peke yake, na matundu ya fremu ya upande wa kushoto yaakisiwe ndani ya fremu yenyewe.